Gari la Marehemu Lililokataa Ufunguo

Gari lisilowaka lina namna mbili, na watu wengi hawazitofautishi. Kuna lile ambalo ukizungusha ufunguo injini inazunguka, inakohoa, inatafuta moto wake na haiupati. Hilo lina uhai, unalihangaikia petroli na plagi tu. Halafu kuna lile ambalo ukizungusha ufunguo hupati kitu. Kimya. Ni kama umebisha hodi kwenye nyumba ambayo unajua kabisa mtu yumo ndani, na mtu huyo ameamua kutokuitika. Hilo la pili ndilo nitakalolieleza. Nililishughulikia siku tatu, na nywele zangu, nilipokuwa bado nazo, zilisimama siku zote tatu.

Mimi sikusoma, nisiwadanganye. Darasa la kwanza na la pili nilikaa, la tatu nililichungulia dirishani tu, kwa sababu baba alitaka mtu wa kuchunga, na ng'ombe hawana likizo. Kusoma nilijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nikikwepa kumtazama mama mkwe wangu aliyekaa benchi la mbele. Naye akanipita maksi. Ufundi gari nilijifunzia kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, kwa kumshikia fundi taa. Miaka mitano nilishika taa. Mtu akishika taa miaka mitano, injini inaingia machoni hata asipotaka.

Sasa, ilikuwa ile miaka ya ruksa ya biashara huria imeshakomaa. Siku hizo Simiyu ulikuwa mto tu, mkoa bado. Vitu vilikuwa vimerudi madukani, betri za kutoka Dubai zimepangwa Bariadi mjini kama mikate, na wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuja na mizani yao wenyewe, ushirika unawaangalia. Hapo ndipo kila aliyekuwa na gari bovu nyuma ya nyumba alipokumbuka kwamba ana gari.

Mmoja wao alikuwa mkulima wa upande wa kuelekea Lalago. Alikuwa na pikapu ya Kiingereza ya tangu enzi za mkoloni, pua ndefu, taa mbili za mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Lilikaa juu ya mawe miaka mingi kwa kukosa spea, kuku wanatagia ndani. Ruksa ilipokuja akaniita nikalifufua. Nikaifungua injini yote, nikairudisha, gari likabeba pamba misimu miwili. Alilipenda gari lile vibaya. Alikuwa mvuta tumbaku, sigara za kusokota mwenyewe, na kila asubuhi alifanya vilevile: anakaa, anavuta kile kitufe cha choki, cha kuongezea injini baridi petroli, anakishikilia, anavuta moshi mara moja, ndipo anazungusha ufunguo. Msimu wa tatu ulipokaribia, akaugua siku nne akafa.

Mwezi mmoja baadaye mjane wake alishuka kwenye lori la pamba pale bandani kwangu, Somanda. Alikuwa amenyolewa nywele, bado zinaota.

"Kaka, gari limekataa."

"Limekataa nini?"

"Limekataa ufunguo."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akakaa juu ya tairi na kunieleza.

Kwetu mwanaume akifa, ndugu yake anaweza kuirithi nyumba pamoja na mke aliyemo. Wako wanaokubali na wakaishi vizuri, sisemi. Huyu hakutaka. Shemeji yake alikuwa na wake wawili tayari, na mkono wake ulikuwa mwepesi, wake zake wote wawili walikuwa mashahidi. Sasa siku ya pili baada ya mazishi, huyo shemeji aliingia kwenye gari aende nalo Nyashimo akatambe. Alizungusha ufunguo. Gari kimya. Halafu pale kwenye kitufe cha choki, palepale marehemu alipokuwa anashika, ukatoka moshi. Moshi mwembamba, wa mtu anayevuta taratibu. Shemeji akashika kitufe, kikamuunguza, akaruka nje mlango ukiwa nusu wazi.

Mtu mwingine angenyamaza kwa aibu. Yeye akaigeuza ikawa hoja. Aliwaambia wazee: "Kaka yumo ndani ya gari. Ananingoja nikalie nyumba yake kwanza, ndipo anipishe kiti." Wazee wakasema sawa, siku ya kumaliza matanga mjane naye azungushe ufunguo mbele ya watu. Gari likimwitikia, marehemu amemwachia mji wake, akae na watoto wake, asiguswe. Likimkataa, nyumba inataka mwanaume, na mwanaume yupo.

"Na lisisukumwe," mjane akasema. "Wamesema kusukumwa si kuondoka. Hata maiti huwa inabebwa."

"Umeshajaribu mwenyewe?"

"Mara moja, watu wakiwa shambani."

"Ikawaje?"

Akanionyesha ncha za vidole viwili. Ngozi ilikuwa imebabuka.

"Matanga yanaisha lini?"

"Keshokutwa."

Nikafunga spana zangu kwenye gunia.

Tulifika mchana. Gari lilikuwa kando ya ghala la pamba. Nilichokiona kwanza ni kuku. Nililijua gari lile na kuku wake, walilala chini yake hata likiwa linaunguruma. Sasa walikuwa wamejipanga kivulini mwa ghala, wanahema midomo wazi kwa joto, na chini ya gari palikuwa na kivuli kizuri kitupu, hakuna aliyekwenda. Mama wa marehemu, bibi wa miaka sabini na zaidi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akilitazama. Nikaelekea kwenye boneti.

"We fundi! Unaamkia bati kabla ya watu?"

"Mwadila, mayu," nikamwamkia Kisukuma, habari za mchana, mama. "Nisamehe."

"Mwadila, mwanangu. Lisalimie na lenyewe basi. Mimi kila asubuhi nalisalimia."

"Linaitika?"

"Lingeitika ungeitwa wewe?"

Nilifungua mlango. Kiti upande wa dereva kilikuwa kimebonyea umbo lake, hadi pale alipokuwa anaegemeza paja. Harufu ya tumbaku ikanipokea. Nikakaa pembeni kidogo ya lile bonde, sijui kwa nini, nikiwa nusu tako nje. Nikawasha taa: kali, nyeupe. Honi: ililia mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Kwa hiyo betri nzima. Nikazungusha ufunguo.

Stata, ile mota ya kuzungushia injini, haikufanya hata tiki. Taa zikafifia polepole, zikawa nyekundu, kama mtu anayefumba macho asikilize. Halafu nikaona kitufe cha choki kinaanza kufuka. Nikaachia ufunguo. Taa zikafumbuka. Moshi ukapanda mpaka kwenye kioo, ukajikunja, ukatoka dirishani upande wangu, na ulikuwa na harufu ya tumbaku kuukuu iliyochanganyika na kitu kinachoungua. Nilishuka nikajifanya naenda kutafuta spana, na spana nilikuwa nayo mkononi.

"Umemuona?" bibi akauliza.

"Nimeona moshi, mayu."

"Ndiyo hivyo."

Nikafanya kazi ninayoijua. Nikasugua tamino za betri, vile vichwa vyake, kwa msasa. Nikaangalia waya mkubwa unaoingia kwenye stata, mzima. Nikaikwepa swichi ya ufunguo, nikaunganisha moja kwa moja kwa bisibisi: moshi uleule, mahali palepale. Nikashika puli ya feni nikaisukuma kwa mikono, injini ikazunguka kidogo, kwa hiyo haijakwama. Hendeli ya kuzungushia kwa mkono ilipotea zamani, kabla hata sijalijua gari. Jua likashuka. Nililala kwa jirani, au niseme nilijilaza.

Siku ya pili niliifungua stata nikaitoa. Nikaiweka mchangani, nikaiunganisha na betri kwa waya mbili. Jamani, iliruka! Ilizunguka ikapiga kelele ikajichimbia shimo kwenye mchanga kama fuko. Watu waliokuwa wamekuja kutazama wakarudi nyuma. Nikairudisha mahali pake, nikakaza bolti zote. Nikazungusha ufunguo. Kimya, taa zikafumba macho, moshi.

Nikaitoa tena. Mchangani inaruka. Nikairudisha. Ndani ya gari inakufa.

Nikairudisha mara ya tatu, ikawa vilevile. Kitu kinachofanya kazi popote duniani isipokuwa ndani ya gari la mtu mmoja, wewe ungesema nini? Shemeji mtu alikuwa amefika na baiskeli yake, amekaa juu ya gunia la pamba, anatafuna muwa.

"Fundi, hujachoka kupigana na maiti?"

"Napigana na chuma."

"Chuma mbona kinakutii kikiwa mchangani?" Akatema makapi. "Kaka alikuwa mkaidi tangu tumboni. Kesho mwambie shemeji yangu aje na ufunguo na mkeka kabisa."

Watu walicheka. Mjane alikuwa anapepeta mtama, hakuinua uso, ila ungo ulisimama kidogo.

Kuna jambo lazima niliseme kwa aibu. Kwa siku mbili zile nilikagua kila kitu isipokuwa kazi yangu mwenyewe. Umeme wa gari unatoka betri, unafanya kazi, halafu unarudi. Lazima urudi. Bodi ya gari inaurudisha kwenye betri, lakini injini imekalia raba, haigusani na bodi, kwa hiyo inafungwa mkanda wa shaba uliosukwa, tunauita wa eathi, kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye chesisi. Mkanda ule nilikuwa nimeufunga mimi, mpya, kwa mikono hii. Nilikuwa nimeuacha mrefu, unaning'inia chini kama mkia wa ndama. Kwa kuwa niliufunga mimi, kwenye kichwa changu ulikuwa upo. Sikuinama hata kuuangalia.

Asubuhi ya tatu, siku yenyewe. Wazee walianza kuwasili, wengine na rozari, wengine na hirizi, wengine na vyote viwili. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Wake wa shemeji walikuwa jikoni pamoja na mjane, hawasemi naye, hawamkwepi pia. Mimi nilikuwa nimekaa chini nikiwaza namna ya kusema nimeshindwa. Binti mdogo wa marehemu, wa miaka kama mitano, akaja kuninawisha mikono nile uji. Akainamisha kata. Mkononi alikuwa na bangili.

Ilikuwa ya shaba, imesuguliwa kwa majivu inang'aa, imesukwa kama nywele za msichana. Na mwishoni, kama pambo, ilikuwa na kibati bapa chenye tundu. Tundu la bolti. Bolti namba kumi na tatu.

Uji ulinimwagikia magotini, sikuusikia. Nikaangalia dada zake wawili waliokuwa mlangoni: kila mmoja na bangili yake. Nikaingia chini ya gari kwa mgongo. Kwenye giaboksi kulikuwa na kipande cha kidole kimoja, kimekatwa kwa panga. Upande wa chesisi hapakuwa na kitu, bolti tu imelegea.

Nilimwendea bibi, nikachuchumaa.

"Mayu, bangili za watoto umezitoa wapi?"

"Mganga alisema watoto wavae shaba ya baba yao, iliyokuwa inakaa naye, asije akawafuata. Nilikuwa naokota mayai chini ya gari, nikaona imening'inia haina kazi. Nikakata."

"Lini?"

"Jioni tuliyotoka kuzika."

Nikamweleza. Sijui nilieleza vipi, nilimwambia ule ni mshipa, kwamba umeme ukikosa njia unatafuta njia nyingine, ukaipata kwenye waya mwembamba wa choki, na waya mwembamba ukibebeshwa mzigo ule unaungua, kitufe kinapata moto. Bibi akazitazama bangili za wajukuu wake. Nzi akamtua kwenye shavu, hakumfukuza.

"Kwa hiyo niliyemfunga mwanangu ni mimi."

"Hujamfunga mtu, mayu. Ni gari."

"Wewe unasema gari."

"Nipe hizo bangili nizifunge, nusu saa tu, halafu—"

"Hazivuliwi!" Alisema kwa sauti hadi wazee wakageuka. Akashusha. "Zikivuliwa leo, leo watu wote wanamtaja jina, ataanza kumfuata nani? Na yule mdogo?"

Sikubishana. Ningeweza kumwambia ni ujinga, lakini nilikuwa nimekaa siku mbili nusu tako nje ya kiti cha mtu aliyekufa. Kufuata waya mjini ilikuwa safari ya kutwa. Wazee walikuwa wanapanga viti.

Bibi ndiye aliyenyoosha mkono kuelekea zizini. "Plau yake ile pale. Nayo aliishika kila siku. Yeye hatakataa chuma chake."

Plau ya ng'ombe ina pati, chuma bapa kirefu, pembeni, ina matundu. Niliifungua. Niliisugua kwa tupa mpaka ikawa nyeupe pande zote mbili, nikakwangua rangi ya chesisi mpaka chuma kikaonekana, nikaipinda kwa nyundo, nikaifunga: upande mmoja giaboksi, upande mwingine chesisi. Injini ikitikisika sana ingekatika, lakini kwa kuwasha ingetosha. Nilitambaa kutoka chini ya gari saa sita kasoro, na hapo mzee mkubwa wa ukoo alikuwa anasema, "Haya, mama, muda wako."

Nilitaka nijaribu kwanza. Sikupata nafasi.

Mjane alikuja na ufunguo. Alikaa palepale kwenye lile bonde la kiti, katikati kabisa, mimi nilipoogopa. Kiti kikalia. Nikamwambia kwa sauti ndogo avute choki. Akatazama vidole vyake, akakivuta kwa vile vilivyoungua. Watu kama sitini walikuwa wamesimama.

Akazungusha.

Taa zilianza kufifia. Nilizitazama zinafifia, nikasikia shemeji akivuta pumzi ya kusema neno. Halafu chini, ndani kabisa, kitu kikagonga, na injini ikajigeuza, nzito, mara moja. Ikagoma. Ikajigeuza tena. Ya tatu ikashika, gari zima likatetemeka, moshi mweusi ukatoka nyuma kwenye bomba, mahali moshi unapotakiwa kutoka.

Na wakati huohuo yule binti mdogo akapiga yowe. Alikuwa mbali, kivulini mwa ghala pamoja na kuku, ameshika mkono wake. "Inaniunguza! Inaniunguza!" Dada zake nao walikuwa wamekamata mikono yao, hawalii, wametoa macho tu. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumfikia yule mdogo. Nikaigusa ile bangili.

Ilikuwa ya moto. Mimi ni fundi, najua chuma kilichopigwa na jua na najua chuma kilichopitisha umeme. Mtoto alikuwa kivulini. Sijawahi kulieleza hili kwa mafundi wenzangu maana najua watasema nini, na ningekuwa wao ningesema hivyohivyo. Ilipoa haraka. Bibi alimbeba mjukuu wake, akanitazama, akaweka kidole mdomoni.

"Fundi ameliroga!" shemeji akapaza sauti. "Siku tatu yuko chini yake, anafanya nini kule?"

"Huyu kuroga?" bibi akajibu. "Hata kusoma alijifunza juzi. Kaka yako amejibu. Kama hukusikia, sogea karibu umsikie."

Hakusogea.

Wazee wakakaa wamalize kikao. Mjane alibaki kwenye gari, mikono miwili juu ya usukani, hajui kuendesha, na injini inaunguruma. Mzee mkubwa akamwashiria azime ili watu wasikilizane. Akatikisa kichwa. Nikaenda dirishani.

"Zima, dada, limeshakubali."

"Nikizima watasema nilizungushe tena."

Na kweli, mimi mwenyewe sikuwa na uhakika na ile pati ya plau. Nikaondoka dirishani.

Basi kikao kilifanyika na gari linaunguruma. Shemeji alisimama mara mbili kutoa hoja, kila akifungua mdomo wazee wanaweka mkono sikioni: "Nini? Sema kwa nguvu!" Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikatoka, na jambo lake lilikuwa jambo la kusemwa kwa sauti ya chini, halikuvumilia kupigiwa kelele. Mara ya tatu hakusimama, na mji ukabaki kwa mjane. Nyama zikaliwa, pombe ikanywewa, watu wakaaga kwa ishara za mikono. Yeye alichukua baiskeli yake akaenda bila kuaga.

Petroli iliisha alasiri. Gari lilikohoa, likatikisika, likanyamaza, na ule ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kuku wote waliinua vichwa. Mjane alingoja kidogo, anasikiliza. Uwanjani hapakuwa na mwanaume yeyote aliyebaki ila mimi. Akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga yake kwa mafundo mawili, akashuka kwenda kuwapa watoto wake chakula.